Leocadia na Vigingi Vinne

Leocadia Huarachi alikuwa fundi wa sindano, na hilo halikuwa na ubishi. Umpe sufu ya alpaka asubuhi, jua likifika utosini kofia imeshaota masikio. Alifuma akichunga kondoo, alifuma akigombana, alifuma hata kanisani mikono ikiwa chini ya shali, mpaka padri akamwambia kwamba Mungu naye anazisikia hizo sindano zikigongana. Sweta zake zilivaliwa na watu ambao hawatakanyaga Qalapata maishani mwao. Lakini kwetu Qalapata sweta haimfanyi mtu kuwa mwanamke mzima. Kwetu mwanamke ni awayo, ile nguo ya mistari anayobebea mtoto, viazi na samadi mgongoni, aliyoifuma kwa mkono wake kwa mtande, nyuzi ndefu zilizovutwa kwenye vigingi vinne ardhini. Na Leocadia, mwenye miaka thelathini na minne, kumi na mmoja kati yake akiwa ameolewa hapa, hakuwahi kufuma kwa mtande hata mshipi wa kufungia suruali.

Halikuwa kosa lake. Alizaliwa kwenye kambi ya mgodi wa bati, mahali ambapo ardhi ni mawe na reli na hapana pa kupiga kigingi. Mama yake alimfundisha sindano wakiwa wameketi nje ya mlango wa mgodi, wakimngoja baba atoke. Baba alitoka kila siku. Kisha akaanza kukohoa, akakohoa miaka mitatu, akafa na umri wa miaka arobaini na mmoja, kifua kimejaa vumbi la mawe. Kwa hiyo Fermín Colque, kijana wa mgodini, alipokuja kumposa, Leocadia alimjibu hivi: "Wewe nitakukubali. Huo mgodi wako sitaukubali." Fermín akaacha mgodi, wakaja kulima huku kwao. Lakini hakuacha mapema vya kutosha. Akilala, kifua chake kilipiga mluzi mwembamba, na mkewe alikuwa akiusikiliza kama mtu anayesikiliza hatua za mwizi uani.

Mgongoni Leocadia alibebea awayo ya dukani, iliyotoka kwenye mashine. Watu waliiona wakanyamaza, isipokuwa wifi yake Nemesia, dada mkubwa wa Fermín, ambaye hakuumbiwa kunyamaza.

"Wifi, hiyo nguo yako inanuka petroli."

"Na hilo domo lako, wifi, linanuka nini?"

"Ukweli."

Waliishi hivyo, kwa kuchokozana, na hakuna aliyeumia sana. Halafu mwezi wa nane mkutano wa kijiji ukatangaza kwamba zamu imemfikia Fermín.

Zamu kwetu haikataliwi. Na kiongozi wa mwaka si mtu mmoja, ni wawili: siku ya kwanza ya mwaka mume anapokea fimbo ya uongozi, na mke anatandika awayo mpya aliyoifuma mwenyewe, majani ya koka, yale tunayotafuna, yawekwe juu yake. Kabla ya majani, bibi watatu wanaigeuza ile nguo na kuipapasa. Wakiona imekatwa mahali, au imenunuliwa, au imefumwa na mwingine, wanaikunja vizuri, wanamrudishia mwenyewe, na fimbo inakwenda nyumba inayofuata. Wala haiendi peke yake. Mashamba yetu ni ya kijiji. Anayetumikia zamu ndiye anayegawiwa. Nyumba iliyorukwa inabaki na ua na kuku. Nyumba iliyofuata baada ya Fermín ilikuwa ya mumewe Nemesia.

Walitoka mkutanoni wakirudi nyumbani. Karibu na zizi Fermín akasimama.

"Wakituruka nitarudi mgodini," alisema. "Siku hizi wanachukua watu."

"Nani kasema wataturuka?"

"Mke wangu, tuambiane ukweli. Wewe hujui."

"Uzi ni uzi," alisema Leocadia. "Mimi na uzi tunajuana kabla sijakujua wewe."

Alisema kwa ukali, kwa sababu aliogopa. Kwanza aliogopa mgodi. Pili, na hili hakumwambia mtu, alimwogopa mama mkwe wake.

Mama Eusebia alikuwa mfumaji ambaye wafumaji wengine walimtaja kwa kushusha sauti. Sasa baridi yabisi ilikuwa imemfunga vidole vyote kumi. Mikono yake ilibaki ngumi mbili zisizofunguka, na kijiko akishika kwa viganja viwili. Alikaa chumba cha pili uani. Kwa miaka kumi na mmoja yeye na mkaza mwanawe walipeana shikamoo na marahaba, supu na bakuli tupu, na hakuna aliyewahi kugusa habari ya mtande. Leocadia aliona afadhali kujifunza kwa kuchungulia kuliko kupiga magoti mbele ya zile ngumi. Mficha uchi hazai, wanasema wazee, naye alilijua hilo, akaficha vivyo hivyo.

Akapiga vigingi nyuma ya zizi, pasipoonekana. Kutanda nyuzi ni kazi ya watu wawili walioketi wakitazamana, wakipokezana donge la uzi. Yeye alitanda peke yake, akikimbia kutoka kigingi hadi kigingi kama kuku anayetaka kutaga. Alichagua sufu yake bora, ileile ya sweta, laini kama shavu la mtoto. Wiki ya kwanza nguo ikaonekana kama inakuja. Wiki ya pili akaanza kupiga mshindio, ule uzi wa kukingama, kwa mfupa wa lama, kama alivyoona wenzake wakipiga, na nyuzi zikaota manyoya. Zikashikana. Akiinua za juu, za chini nazo zinapanda. Akilazimisha, zinakatika. Akafunga fundo, akaendelea, ikakatika nyingine. Siku moja alihesabu mafundo thelathini na mawili, akatupa mfupa zizini, kondoo wakatawanyika.

Hapo ndipo alipoikuta fimbo ya kutembelea ya mama mkwe imesimama karibu na mguu wake. Mama Eusebia aliinama taratibu, akapitisha mgongo wa ngumi juu ya mtande.

"Huu ni uzi wa kofia," alisema.

"Uzi ni uzi, mama."

"Uzi wa kofia unalala. Uzi wa mtande unapigana. Usokote mpaka ujikunje wenyewe kwa hasira, kisha usokote tena." Akajiinua. "Wiki ngapi umepoteza hapa?"

"Tisa."

"Mbona hukuniuliza?"

"Mbona hukunifundisha?"

"Hukuniomba."

"Miaka kumi na mmoja, mama!"

"Kumi na mmoja na miezi minne," alisema mama Eusebia. "Na mimi nilikuwa nahesabu."

Walitazamana juu ya ile fujo ya nyuzi. Leocadia alitaka kulia, akataka kumsukuma bibi wa watu, akataka kumkumbatia, yote kwa pamoja. Mwishowe alifanya lile lililomshinda siku zote. Alipiga magoti.

"Naomba unifundishe."

"Simama, utachafua sketi. Ng'oa hivyo vigingi uvilete uani kwangu. Hapa unafuma au unaiba?"

Mwezi wa kumi karibu wote ukaenda katika kusokota. Alisokota mpaka ncha za vidole zikapasuka, akazipaka mafuta ya kondoo, akasokota tena. Fermín alichukua kupika na kuchunga, na wanaume wenzake walipomcheka aliwajibu kwamba supu ya kinoa haijali nani kaikoroga. Mwezi wa kumi na moja wakatanda upya, Leocadia upande huu, mama Eusebia upande ule, donge likiwa mapajani mwake, akilisukuma kwa kifundo cha mkono. Siku mbili nzima. Mtande ule, ukiupiga kwa kidole, ulilia.

Awayo ni vipande viwili vinavyoshonwa ubavu kwa ubavu, na kila kipande kinazaliwa na pindo zake nne. Hakikatwi. Kwetu kukata nguo kwa mkasi ni sawa na kuichinja. Kwa hiyo mfumaji anaanzia upande mmoja, anasogea, na mtande uliobaki mbele yake unazidi kuwa mfupi na mkaidi, hadi mwisho anaingiza mshindio kwa sindano, uzi mmoja baada ya mwingine, pumzi ikiwa imezuiliwa.

Kilichomtesa Leocadia hakikuwa mikono. Kilikuwa tabia. Mtu wa sindano akikosea anafumua. Anavuta uzi, kosa linayeyuka, anaanza tena kana kwamba hajawahi kukosea. Alipoona ua moja la mstari mwekundu limekaa kombo, alifumua upana wa vidole viwili vya kazi. Kesho yake akafumua vitatu.

Fimbo ikamgusa begani, si kwa upole.

"Ukifumua kila siku utamaliza Pasaka."

"Lakini ni baya, mama. Liangalie."

"Nimeliangalia. Ni baya. Songa mbele."

Akasonga, meno yameumana. Kila alipoketi alikuta lile ua likimkodolea jicho. Kipande cha kwanza kilifungwa tarehe tisa mwezi wa kumi na mbili, nacho kilikuwa kimejaa macho ya namna hiyo. Siku ileile mvua za msimu zikaanza, wakatandika nailoni juu ya mtande, na maji yalipojaa Fermín alikuwa akiitingisha kwa ufagio, akiwamwagia kuku.

Kipande cha pili kilikuwa hakijafika nusu tarehe ishirini, Nemesia alipoingia na beseni la jibini kwa mama yake. Aliketi. Safari hii hakuwa na mzaha.

"Wifi, hutamaliza."

"Nitamaliza."

"Siku kumi na mbili, na mvua hii? Nyuzi zikinywa maji zinakaza, utaona. Nipe mimi. Kwa siku tano nimekimaliza. Nani atajua?"

Leocadia alimtazama sana. "Na mumeo je? Si ndiye anayefuata?"

"Mume wangu anaitaka hiyo fimbo kama mbwa anavyoutaka mfupa. Mwache atake." Nemesia akasukuma beseni pembeni. "Fermín nimembeba mgongoni mimi. Mama alikuwa shambani, mimi nina miaka saba, yeye ananikojolea. Unadhani siusikii mluzi wake? Hata mkutanoni nausikia. Sitaki kumzika, wifi."

Mama Eusebia alikuwa akitafuna koka pembeni, uso hausemi ndiyo wala hapana. Leocadia akasogea. Akampa Nemesia ule mfupa wa kufumia.

Aa, ilikuwa raha kuona! Nemesia alifuma kama mtu anayezungumza. Mikono haikutafuta kitu. Nyuzi zilizomgomea Leocadia wiki nzima zilifunguka kwa unyenyekevu, na kabla ng'ombe hawajarudi kipande kilikuwa kimeongezeka upana wa kiganja. Maua yote yamenyooka. Nemesia alisimama, akajikung'uta, akasema kesho mapema, akaenda kukamua.

Leocadia alibaki peke yake na kile kiganja kimoja cha kazi. Akakitazama, akatazama cha kwake kilichotangulia, akaona aibu. Kisha aibu ikageuka hasira, na hasira ikageuka huzuni, akalia waziwazi, makamasi na yote. Kilikuwa kizuri mno. Lakini mwaka mzima angeketi mbele ya watu juu ya nguo hii, akiamua ugomvi wao wa mipaka na wa ndoa, na kila mara macho yake yangeangukia hapo. Akashika mshindio wa Nemesia, akaanza kuufumua.

"Hivyo umeamua," alisema mama Eusebia.

"Nimekosea?"

"Mimi sifumi. Usiniulize mimi."

Asubuhi Nemesia alipofika na kuona, beseni lilimponyoka.

"Mjinga wewe! Umefumua? Umefumua kazi yangu?"

"Wifi, nisikilize…"

"Sisikilizi! Basi muue! Muue ndugu yangu kwa kiburi chako, halafu umfumie sweta ya kuzikwa nayo!"

Akaondoka, asirudi tena. Maneno yale yalikaa uani siku zote zilizobaki, na Leocadia alifuma akiwa ameketi katikati yake. Labda alisema kweli. Labda ni kiburi tu. Tarehe ishirini na nne walikula viazi vilivyokaushwa kwa barafu na jibini wamesimama. Tarehe ishirini na saba nyuzi zilikunywa unyevu zikakaza kama Nemesia alivyosema, mfupa ukawa unagonga bila kuingia. Tarehe ishirini na tisa Fermín aliutoa mfuko wake wa zamani wa mgodini chini ya kitanda, akaukung'uta vumbi, akautundika msumarini. Leocadia aliuona, akarudi kwenye mtande.

Siku ya mwisho ya mwaka vilibaki vidole vinne. Akatoa vijiti vyote vya kuinulia nyuzi, maana havikuwa tena na nafasi, akashika sindano ndefu. Juu ya uzi, chini ya uzi, juu, chini. Ufa ulikuwa mwembamba hata ncha ya sindano ilikwaruza. Giza lilipoingia mama Eusebia aliamuru alale, kwani mkono uliochoka hukata. Alfajiri ya mwaka mpya akaendelea. Kulipopambazuka sawasawa vilibaki vidole viwili. Filimbi za vijana zilipoanza kulia upande wa uwanjani, kilibaki kimoja. Uzi wa tatu kutoka pembeni ukamkatika. Aliufunga, ikabidi ajaribu mara nne. Fermín alisimama mlangoni na poncho yake, kifua kikipiga mluzi.

"Tangulia," mkewe alimwambia bila kuinua kichwa. "Uwaambie nakuja."

Leocadia alifika uwanjani wa mwisho. Alikuwa ameviunganisha vile vipande mbio mbio, sindano bado imechomekwa kwenye mkono wa blauzi. Watu wote walikuwa wamekaa. Mumewe Nemesia aliketi karibu na ile fimbo kuliko mtu mwingine yeyote, na Nemesia pembeni yake, awayo mpya imekunjwa mapajani, macho chini. Fermín alikuwa amesimama peke yake katikati.

Mama Hilaria, mkubwa wa wale bibi watatu, aliichukua nguo ya Leocadia akaifungua juani. Mtu alicheka nyuma. Kipande cha pili kilikuwa kifupi kuliko cha kwanza kwa upana wa dole gumba, mistari haikukutana, mwishoni kulikuwa na uvimbe kama ukoko wa kidonda. Mama Hilaria hakucheka. Alifumba macho, akaanza kupapasa.

"Upindo huu mzima. Huu mzima. Huu nao." Akafika kwenye uvimbe, akakaa hapo muda mrefu. "Mzima. Haijakatwa."

Akawapa wenzake wawili. Wakapapasa, wakanong'ona, wakamrudishia.

"Eusebia," aliita, "hii si kazi yako. Wewe ulikuwa ukipiga mfupa mara mbili, nguo yako inasimama kama ubao. Hii imelegea, halafu imekaza, halafu imelegea."

"Si yangu," alisema mama Eusebia.

"Nemesia, njoo hapa." Nemesia akaja. Bibi akamshika mkono kwa mkono mmoja, na mwingine ukiendelea kutembea juu ya nguo, kiganja kwa kiganja, toka mwanzo hadi mwisho. Leocadia aliufuata ule mkono kwa macho. Ulifika pale katikati ya kipande cha pili, alipofumua kazi ya wifi yake. Mkono ukapita.

"Si mkono wako pia. Wewe huvuta mshindio kushoto, tangu msichana, nimekukemea hujasikia." Akamwachia. "Si wa jirani yenu Basilia. Si wa marehemu dada yangu. Nimeshika nguo za wanawake wote wa Qalapata, walio hai na walio kaburini. Mkono huu siujui."

Fermín akakohoa, na kikohozi kikafika mwisho wa uwanja. Mumewe Nemesia akanyoosha mgongo. Leocadia aliiona ile nguo ikikunjwa hata kabla haijakunjwa.

"Siujui," mama Hilaria alirudia, kwa sauti ya mtu aliyekerwa na wasikilizaji wazito wa kuelewa. "Sasa mnangoja nini? Kama siujui, ni wa nani tena, kama si wa huyu?"

Akainama, akaitandika awayo chini, akailainisha pale penye uvimbe, akatoa majani ya koka mfukoni mwake na kuyamwaga juu. Nemesia alikuwa bado amesimama pale. Akajifunika uso kwa nguo yake nzuri na mabega yakaanza kumtikisika. Leocadia hakujua ni kicheko au kilio mpaka alipomsogelea, naye Nemesia akamkumbatia kwa nguvu hata ile sindano ikawachoma wote wawili.

"Wewe, Fermín," alisema mama Hilaria, "umeota mizizi? Chukua fimbo." Kisha akamgeukia Leocadia, akamtazama kutoka kofia hadi viatu kama anayemwona leo. "Ni mbaya, binti yangu. Mbaya kabisa. Lakini nikiugusa tena mkono huu, nitaujua."